Nimeosha sarafu za babu kwa ndimu na siki, sijui nitamwambia nini mama mkwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwenyeji wa Tabora, nimekulia Kanyenye. Huu ni mwaka wangu wa saba Ujerumani. Nafanya kazi ya kutunza wazee, na nimeolewa na kijana wa huku. Tunaishi kijiji kimoja kando ya mto Rhine, si mbali na mji wa Koblenz.

Mume wangu alikuwa na babu yake, baba mzazi wa mama mkwe wangu, aliyezaliwa 1931. Mzee yule alinipokea kuliko mtu mwingine yeyote wa familia hii. Kijerumani changu kilipokuwa bado cha kuokoteza, wenzangu wakiongea harakaharaka mezani, yeye alikuwa akinivuta pembeni, anafungua kopo la biskuti, anamwaga sarafu juu ya kitambaa cha meza. Zote ni za miji ya Ujerumani, za wakati wa Vita vya Kwanza na miaka michache baada yake. Chenji ya serikali ilikuwa imeadimika, miji ikatengeneza ya kwake. Zimeandikwa Kriegsgeld, pesa ya vita, au Notgeld, pesa ya dharura. Ananipa sumaku ndogo: "Hii inanata, ni chuma. Hii hainati, ni zinki. Haya, nisomee jina la mji." Ndivyo nilivyoijua Ujerumani, Shangazi, mji mmoja mmoja, kwa vidole.

Alifariki mwezi wa pili. Baada ya mazishi mama mkwe aliniita jikoni, akaliweka lile kopo mbele yangu, akasema, "Baba alisema ni lako." Nililia sana. Ndani mna sarafu 212, kila moja na bahasha yake ndogo ya karatasi, na juu ya kila bahasha mzee ameandika kwa penseli. Mwandiko wenyewe ni ule wa zamani wa Kijerumani, herufi zimechongoka kama meno ya msumeno, hata mume wangu hawezi kuusoma. Bahasha moja tu ndiyo niliyoweza kuisoma, kwa sababu aliiandika kwa herufi kubwa za kawaida: AUS MUTTERS SCHÜRZE, kutoka kwenye aproni ya mama. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya mji wa Coblenz ya 1918, pfenigi 25 (pfenigi ni senti ya Kijerumani ya zamani), ya chuma, nyeusi tii.

Sasa sikia nilichofanya. Jumapili ijayo ni siku ya kuzaliwa ya mama mkwe. Nikawaza nichague sarafu ishirini hivi, nizipange kwenye fremu ya kioo, nimpe zawadi. Nikaona zimefubaa mno. Nyumbani bibi alitufundisha kusugua sinia za shaba kwa ndimu na chumvi mpaka zinawaka, nami nikafanya hivyo hivyo, nikaongeza na siki. Sarafu 19. Zile za zinki zilianza kutoa povu dogo dogo, nikadhani ni uchafu unatoka. Nilipozifuta zilikuwa nyeupe, zinakwaruza kama chaki. Za chuma usiku ziling'aa vizuri, asubuhi nikazikuta na kutu ya rangi ya machungwa. Ile ya aproni ni mojawapo. Na zipo tano ambazo sijui tena ni za bahasha ipi, maana nilizitoa zote kwa pamoja.

Mama mkwe hajui. Mume wangu anasema nisimwambie, nimpe keki tu, yaishe.

Kuna mengine mawili. Wifi yangu hakufurahi kwamba kopo limekuja kwangu. Anasema tuuze, tugawane, kwamba sarafu za miaka zaidi ya 100 lazima zina pesa. Tukaenda kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa sarafu, muuzaji mmoja akapekua kopo, akauliza nimetoka wapi. Niliposema Tabora alifungua droo, akanionyesha sarafu ya shaba ya manjano, heleri 20, senti za koloni la Mjerumani kwetu, mwaka 1916, ina taji na herufi T chini. "Imetengenezwa kwenu," akasema. Akanipa masharti: nimpe kopo zima, anipe ile moja na euro 60 juu. Shangazi, mkono wangu ulitetemeka. Kitu kilichotoka Tabora, nimekikuta huku! Mpaka leo sijui kama nikubali.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nilimtumia kaka yangu picha za sarafu, kwa furaha tu. Akanijibu: "Dada, watu waliowachapa babu zetu hamsa ishirini ndio unawatunzia hela zao?" Sikumjibu. Ni wiki ya tatu sasa hatujaongea. Je, nafanya kitu cha aibu?

Binti wa Tabora, Ujerumani

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa hizo wiki tatu za ukimya.

Kabla ya yote, kuna sarafu zinaendelea kuharibika hapo nyumbani kwako wakati unasoma, tuanze nazo. Zile 19 bado zina asidi na chumvi juu yake. Nunua maji yaliyokenekwa, yale ya kujaza kwenye pasi ya mvuke, yanaitwa destilliertes Wasser. Zisuuze moja moja, badilisha maji mara mbili tatu, zikaushe papo hapo kwa kitambaa laini kwa kubonyeza bila kusugua, kisha zilaze juu ya karatasi karibu na hita ya ukutani mpaka kesho. Za chuma ndizo zinazohitaji haraka zaidi, kwani chumvi ikibaki kwenye chuma kutu haitalala. Zikikauka, ziweke kwenye boksi dogo pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinanyonya unyevu. Usizipake mafuta ya kupikia, usizipake dawa ya meno, usiguse siki tena. Na kama ulikwisha nunua ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, itupe. Mvuke wake hula metali. Bahasha za karatasi za mzee zilikuwa sahihi. Kopo la bati lilikuwa sahihi. Yule mzee alijua.

Zilizotoa povu hazitarudi. Nakuambia wazi ili usiende kutafuta dawa nyingine ukaziua kabisa. Zinki na asidi ni maadui: lile povu ulilodhani uchafu ndiyo sarafu yenyewe ilikuwa inayeyuka, ngozi ya juu pamoja na mistari midogo ya nembo. Shaba ya sinia inavumilia ndimu kwa sababu ni metali ya tabia nyingine. Zinki ya 1917 ni kitu dhaifu, ilichaguliwa kwa sababu ndiyo iliyobaki. Na ule weusi wa sarafu ya Coblenz ndio uliokuwa ukiilinda. Chuma kitupu kinashikwa na kutu kwa usiku mmoja, kama ulivyojionea. Humo koponi, kama mna ile ya kahawia inayofanana na kipande cha kigae, ya kiwanda cha kauri cha Meissen yenye alama ya mapanga mawili, hiyo peke yake ndiyo ingevumilia maji yako.

Nakuelewa kwa undani, kwa sababu hata mimi nimefanya hivyo. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yangu alikuwa na heleri kumi ya Mjerumani, ile yenye tundu katikati, ameitunga kwenye uzi mweusi, haimtoki shingoni. Siku moja ameivua aoge, nikaichukua nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikawa nyeupe kabisa. Nilimkimbilia nikiwa na furaha. Aliishika, akaigeuza upande huu na upande huu, akaipitisha kidole gumba pale palipokuwa na weusi, akaiweka kwenye kibweta chake. Hakunigombeza. Ila hakuivaa tena mpaka anakufa, na mimi sikuwahi kumuuliza ilitoka kwa nani. Nilikuja kufanya kazi ya ukeshia benki miaka mingi, nimehesabu pesa za kila aina, na swali hilo moja nimebaki nalo.

Kwa hiyo kuhusu mama mkwe nakuambia nenda. Usisubiri Jumapili mbele ya wageni na keki. Nenda kabla, siku ya kazi, jikoni kwake pale alipokupa kopo. Mume wako anakupenda na anataka kukuepusha na aibu, lakini kwa hili usimsikilize. Siku moja mama atasema, "Hebu nione ile ya aproni," nawe utakuwa na kutu mkononi na miaka ya kunyamaza juu yake.

Sasa sikiliza, usiende na sarafu mbele. Nenda na bahasha.

Ule mwandiko wa meno ya msumeno unaitwa Sütterlin. Ulianza kufundishwa katika shule za Prussia mwaka 1915, ukaenea Ujerumani, ukapigwa marufuku 1941. Mtoto aliyezaliwa 1931 huko kwenu Rhine aliushika darasa la kwanza, na wapo wa rika lake walioendelea nao kwa mambo yao ya siri na ya nyumbani maisha yote. Mumeo hawezi kuusoma, ni kweli, vijana wengi wa huko hawawezi. Lakini mama mkwe amekua akisoma mwandiko wa baba yake: orodha za dukani, barua, maandishi nyuma ya picha. Huenda katika nyumba nzima amebaki yeye tu anayeweza kukufungulia zile bahasha 212. Mwambie ulichofanya kwa sentensi mbili, bila kujieleza sana: "Mama, nilitaka kukuandalia zawadi, nikaziosha sarafu za baba, nimeharibu kumi na tisa, na ya aproni imo." Nyamaza. Mwache akasirike kama atakasirika. Halafu weka bahasha mezani umwombe akusomee, nawe uandike kwa kalamu na daftari, neno kwa neno.

Hata zile tano zilizopotea bahasha zitapatikana hivyo. Sarafu ina jina la mji, na bahasha bila shaka ina jina la mji. Akisoma, utalinganisha.

Nimekazania bahasha kwa sababu moja. Sarafu ya Coblenz ya 1918 zipo nyingine. Wakusanyaji wanazo, zina namba yake kwenye katalogi ya Walter Funck ambayo wauzaji wa huko huitaja kwa herufi F, ukitaka utanunua nyingine iliyo nyeusi na safi. Lakini maneno "kutoka kwenye aproni ya mama" yapo kwenye karatasi moja tu duniani, na karatasi hiyo hukuiosha.

Hebu fikiria hiyo aproni. Vita vilipoanza Agosti 1914 watu walificha dhahabu na fedha chini ya magodoro, kama watu wanavyofanya popote. Kisha serikali ikaanza kuzikusanya sarafu za nikeli na shaba, maana jeshi lilizitaka kwa silaha. Ikatoa pfenigi 5 na 10 za chuma, ikatoa pfenigi 1 ya alumini, hazikutosha. Mtu ana noti ya marki moja, anataka mkate, mwoka mikate hana chenji ya kumrudishia. Kondakta wa tramu hana chenji. Kiwanda kinalipa mishahara, hakina chenji. Ndipo mabaraza ya miji yakaagiza sarafu kwenye viwanda vya watu binafsi vilivyozoea kutengeneza medali na vifungo, kwa mfano Lauer wa Nürnberg, za chuma au zinki. Nyingine zenye pembe nane, ili hata gizani mtu aijue kwa vidole kwamba hii ni ya mji na si ya serikali. Zilitembea ndani ya mji na vijiji vyake, basi. Ukivuka kwenda mji wa pili, imekuwa kipande cha bati. Na nyingi zilianza 1917, mwaka uliofungua na baridi ambayo Wajerumani mpaka leo wanaiita ya tunipu, kwa sababu viazi viliharibika na watu wa mijini walikula tunipu za mifugo asubuhi na jioni. Mama aliyekuwa na pfenigi 25 za Coblenz kwenye aproni mwaka uliofuata alikuwa bado anapanga foleni na kadi ya mgao. Kwa nini hakuitumia ile moja? Labda mama mkwe anajua. Muulize mapema, mwanangu. Mimi sikuuliza.

Neno dogo la kukusaidia kupanga: usiziweke zote kwenye fungu la vita. Kama unayo ya Bonn yenye sura ya Beethoven, hiyo ni ya 1920, alipotimiza miaka 150 tangu kuzaliwa. Ya Aachen iliyoandikwa Öcher Grosche, kwa lahaja ya wenyeji, nayo ni 1920. Vita vilikuwa vimekwisha lakini chenji ilikuwa bado haijarudi, na kufikia hapo miji ilishagundua kwamba wakusanyaji wananunua, ikaanza kuzipamba. Mimi nazipenda pungufu, ingawa ni nzuri zaidi machoni. Na usishangae jina la Coblenz kwa C, mji uliandikwa hivyo mpaka 1926. Andika haya kwenye kadi mpya ndogo kwa penseli: mji, mwaka, metali, pfenigi ngapi. Kadi ikae nyuma ya bahasha ya mzee, isiwe badala yake.

Yule muuzaji, mjibu hapana. Heleri 20 ya Tabora ni kitu cha kweli na historia yake inasisimua, lakini si adimu kama alivyokufanya uamini. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, mwaka huo mmoja wa 1916, katika karakana ya reli, baada ya Waingereza kufunga bahari na pesa kutoka Ujerumani kukatika. Iliyo adimu ni ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo, ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu, na hizo ndizo zinazoghushiwa sana, kwa hiyo mtu akikupa ya bei rahisi kimbia. Heleri 20 utajinunulia kwa mshahara wako siku moja, kwa muuzaji anayekupa risiti na kukubali kurudishiwa. Alikuuliza ulikotoka ndipo akafungua droo. Hilo tu linatosha kukujulisha alichokuwa akinunua.

Wifi naye, msikilize kwa upole, ni mjukuu na amefiwa. Nyingi za sarafu hizi katika hali ya kawaida huuzwa euro chache moja moja, na muuzaji anayenunua kopo zima hutoa chini ya hapo. Mkalishe, mwonyesheni bei pamoja na mumeo. Akiona hesabu, hasira ya pesa itapungua, na itakayobaki ni ya kumkosa babu. Mruhusu achague sarafu tatu pamoja na bahasha zake. Sarafu bila bahasha usimpe.

Nimebakisha kaka yako, kwa kuwa ndiye mzito.

Usimwambie kwamba hajui anachosema. Anajua. Hamsa ishirini haikuwa hadithi, viboko 25 vilichapwa mchana kweupe mpaka nchi nzima ikajulikana kwa hiyo namba. Na vita hiyo hiyo iliyomaliza chenji Coblenz ilipita mlangoni kwenu. Jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kabla na baada yake, majeshi yote, la Mjerumani, la Mwingereza na la Mbelgiji, yaliwachukua wanaume kubeba mizigo, na Wanyamwezi waliokuwa wapagazi wa kusifika tangu enzi za misafara walibebeshwa vita ya watu wengine. Walikufa wengi mno kwa njaa, kuhara na homa, njiani, bila majina. Ng'ombe na nafaka zikachukuliwa kulisha majeshi. Jirani zenu Wagogo wakaingia kwenye njaa ya Mtunya iliyoanza 1917, wazee wa Dodoma wanaitaja mpaka leo. Mama wa Coblenz alipokula tunipu baraza la mji wake lilikaa likamfulia sarafu ili apate mkate. Mpagazi wa Tabora hakuwa na baraza. Kaka yako ana haki ya kuuona huo uzani, na ukijaribu kumwambia kwamba wote waliteseka sawa, utampoteza na utakuwa umekosea.

Lakini pia sioni aibu unayoitafuta. Mzee aliyezaliwa 1931 alikufundisha kusoma kwa kutumia kitu alichokuwa nacho. Unachotunza ni chenji ya mkate ya watu waliokuwa na njaa, imetengenezwa na miji yao wenyewe, na mijeledi iliyowachapa babu zenu haimo humo. Kama angekuwa amekuachia medali za askari wa koloni ningekujibu vingine. Na tusidhani tunaweza kuiweka mbali hiyo pesa: Mjerumani alipoleta heleri 100 kwa rupia moja mwaka 1904, akiziondoa zile pesa 64 za zamani zilizofanya rupia moja, jina la heleri liliingia midomoni kwetu likawa hela, halikutoka tena. Kaka yako aliposema "unawatunzia hela zao" alikuwa akiitaja heleri.

Mpigie simu. Usianze na hoja, anza na kuomba kitu. Mwambie hivi: "Kaka, nina kopo lenye maneno ya familia ya mume wangu kuhusu ile vita. Ya kwetu sina hata neno moja. Nenda kwa shangazi, nenda kwa mzee yeyote aliyebaki, uliza nani alichukuliwa kubeba mizigo, nani hakurudi, walikula nini, pesa ya Mjerumani walifanya nini nayo." Akupe lolote, hata jina moja, hata "hatukumbuki ila babu alikuwa hapendi mlio wa treni". Andika kwenye bahasha mpya, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, mahali na mtu aliyesema. Iweke koponi hata kama ndani haina sarafu. Heleri yako ya 1916 ukija kuinunua itakuwa na mahali pa kukaa. Watoto wako watakuja kufungua hilo kopo wakiwa na damu ya pande zote mbili, wakute pande zote mbili zimo.

Fremu ya kioo iache. Gundi ya nyuma itazimaliza zilizobaki. Zawadi ya mama Jumapili iwe lile daftari, lenye bahasha zote alizokusomea zikiwa zimeandikwa upya kwa herufi ambazo wajukuu wake wataweza kuzisoma. Mna siku chache tu, hamtamaliza 212, pelekeni zitakazokuwa tayari na mwendelee Jumapili nyingine na nyingine.

Anzeni na ya aproni. Naamini mzee aliiandika kwa herufi kubwa za kawaida kwa sababu alijua ni wewe utakayefungua.

Shangazi